Kusumbuliwa stejini na ndani ya matatu: ni lipi linashtakika, na karatasi ya wafanyakazi iandikwe vipi?

Afisa_Maslahi

Salamu wadau. Naandaa karatasi ya ukurasa mmoja kwa wafanyakazi wa kike wa kiwanda, wa zamu inayotoka saa nne usiku, ambao hupanda matatu kutoka katikati ya mji. Rasimu iliyoletwa mezani ina mistari tisa. Saba ni amri kwa mwanamke: avae nguo za heshima, asitembee peke yake, asijibizane na makanga (konda wa matatu), asicheke nao, asikae kiti cha nyuma, asitoe simu, asichelewe. Wa nane ni nambari ya simu ya ofisi, ambayo saa hizo haina mtu. Wa tisa ni "tujihadhari".

Anayeshika watu hajatajwa popote. Na wanaume wanaotoka zamu hiyo hiyo hawapewi karatasi yoyote.

Nataka kuiandika upya, kwa hiyo naomba majibu ya kazi, sheria iwe ya Kenya. Maneno na miluzi ni kosa au ni tabia mbaya tu? Kuvutwa mkono na kupapaswa je? Aanze na polisi au na sacco, yaani chama cha wenye matatu? Kituoni watamwomba nini, na video ina uzito gani? Halafu walio garini wakiona, wafanye nini ambacho hakitamzidishia yeye matatizo? Mawaidha tunayo ya kutosha, msiniongezee.

Wakili_wa_Ghorofani

Afisa, gawanya matendo kwanza. Hakuna kosa moja linaloitwa kusumbua mtu barabarani. Kuna makosa kadhaa, kila moja na masharti yake, na kesi hufa mapema kwa sababu tendo limeandikwa chini ya kosa lisilo lake.

Kuguswa ndiko kuliko wazi zaidi. Kifungu cha 11A cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaadhibu kitendo cha aibu kwa mtu mzima: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Kitendo chenyewe kimefafanuliwa kifungu cha 2: kugusanisha kwa makusudi sehemu yoyote ya mwili na sehemu za siri, matiti au makalio ya mtu mwingine, pasipo kupenya. Soma orodha hiyo polepole. Kiuno hakimo, mkono haumo, paja halimo. Makanga anayemvuta dada kwa kiwiko ili aingie gari lake anaangukia shambulio la kawaida, kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo adhabu yake ni hadi mwaka 1.

Sasa fikiria mlalamishi anayeandikisha kwamba "alinishika vibaya". Vibaya wapi? Askari hajui aandike kosa gani, na wakili wa mshtakiwa ataligeuza neno hilo atakavyo. Binti aliyelelewa asitaje viungo vya mwili mbele ya wanaume wazima analazimika kuvitaja kaunta, watu wamepanga foleni nyuma yake. Mwambieni mapema kwamba ana haki ya kuomba dawati la jinsia au chumba cha pembeni, na kwamba neno "makalio" kwenye taarifa ni ushahidi, si utovu wa adabu.

Jambo la pili katika 11A ni kusudi. Garini watu hubanana, na utetezi wa kwanza huwa "gari lilitikisika". Kinachoonyesha kusudi ni vitu vidogo: mkono uligeuzwa kiganja ndani, alihamia kiti kingine akafuatwa, alisema "toa mkono" na mkono ukarudi. Kila kimojawapo kiandikwe.

Kuvuliwa nguo kuna kifungu chake. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi, tarehe 17, baada ya video ya mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai amevaa vibaya. Desemba mwaka huo huo kikaongezwa kifungu cha 251A kwenye Kanuni ya Adhabu: anayemvunjia mtu staha makusudi kwa kuingilia faragha yake au kwa kumvua nguo hupata kifungo kisichopungua miaka 10. Zingatia "kisichopungua". Hapo mlango wa faini umefungwa. Maneno "kuingilia faragha" nayo ni mapana, na mwendesha mashtaka mwenye nia anaweza kuyatumia kwa anayeinua sketi ya mtu au kupiga picha chini yake.

Na ukivuliwa, hesabu ulichopoteza. Julai 2017 mahakama Nairobi iliwahukumu wanaume watatu kwa kumvua na kumdhalilisha abiria ndani ya basi mwaka 2014, na adhabu nzito kuliko zote, ya kifo, ilitokana na shtaka la wizi wa mabavu, kwa kuwa pia walimpora. Simu, pesa, mkoba: vitajwe kwenye taarifa ya kwanza, si wiki ya pili.

Maneno matupu ndipo sheria yetu inapovuja. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kina jina zuri, unyanyasaji wa kingono, na adhabu yake haipungui miaka 3 au faini ya shilingi 100,000. Lakini kinamhusu mtu mwenye mamlaka juu yako au anayeshikilia ofisi ya umma, tena awe anarudiarudia. Msimamizi wa zamu kiwandani anaingia humo, kijana wa kijiweni haingii. Huyo utambana kwa kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu, maneno ya matusi au vitisho hadharani yanayoweza kuvuruga amani, au kifungu cha 238 kama alitishia kukudhuru. Mluzi peke yake, neno "mrembo" peke yake, sitakudanganya: usijenge kesi juu yake. Ila mluzi unaofuatwa na nyayo, kisha "leo utanijua", ni tishio. Ndiyo maana maneno yaandikwe kama yalivyosemwa.

Watu hutaja pia sheria ya 2015 ya kukinga dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani. Hiyo inahitaji uhusiano wa kifamilia au wa kimapenzi. Mtu wa barabarani hamo.

Karani_wa_Steji

Nyongeza kutoka upande wa magari, kwa sababu wengi hupeleka malalamiko yasiyofuatika.

"Makanga mmoja mrefu, jana jioni." Hilo haliendi popote. Konda aliyekuwa zamu anaweza kuwa skwodi, yaani mtu aliyeshikiliwa gari kwa saa mbili ili mwenyewe akapumzike. Ukifika ofisini kesho yake utaonyeshwa konda wa kudumu, utasema siye, na faili litafungwa hapo. Kinachompata skwodi ni nambari ya gari na saa. Steji yenye mpango huandika magari yanavyopanga foleni na yanavyotoka. Ukitoa saa kwa tofauti ya dakika kumi hivi, dereva wa safari hiyo hujulikana, na dereva lazima amtaje aliyemkalia mlangoni.

Kwa hiyo mfanyakazi ajue vitu vinne: nambari ya gari, jina la sacco ubavuni, saa, na mahali alipopandia. Nambari ya gari asiitafute baada ya kushuka, taa za nyuma zikishapotea. Aitume kwa jamaa au kikundi cha zamu kabla ya kuketi, wote waliotoka wafanye hivyo, wa kiume wakiwemo, iwe desturi ya zamu. Nauli ikiwezekana ilipwe kwa M-Pesa. Ujumbe unaorudi una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea, na ukilipa kwa simu ya konda mwenyewe jina hilo ni lake. Nimeona watu wanatafuta kamera za barabarani wakati ushahidi umelala kwenye simu ya mlalamishi.

Boda ni nambari ya pikipiki tu. Koti la kung'aa lisikudanganye, huazimwa.

Kuna kundi jingine, kamagera wanaojaza magari stejini. Hao hulipwa kwa kila gari lililojaa na hawako kwenye orodha ya sacco, kwa hiyo sacco itakwambia "hatuwajui". Si kweli kabisa. Hakuna anayeita abiria kwenye steji ya wenyewe bila msimamizi wa steji kumruhusu. Barua iulize hivyo hivyo: siku hii, saa hii, nani aliruhusiwa kuita abiria hapa? Swali hilo lina jibu. "Kamagera wenu wana tabia mbaya" halina.

Barua iende kwa katibu wa sacco, nakala kwa mwenye gari. Kanuni za uchukuzi za 2014 zinataka kila gari la abiria liwe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kwa hiyo sacco inamjua mwenye gari hata ikijifanya imesahau. Na mwenye gari ndiye anayempa konda kazi. Mwenyekiti anaweza kukalia barua mwezi mzima. Mwenye gari anaogopa gari lake kushikwa, na mara nyingi huchukua hatua siku hiyo hiyo. Wasipojibu, nakala ya barua iende NTSA, mamlaka ya uchukuzi inayotoa leseni.

Kuhusu undumilakuwili, hata ofisini upo. Konda akivunja kioo cha gari, kazi imekwisha jioni hiyo. Akimshika abiria, inaitishwa kamati, wanaulizana kama "aliteleza" na kama yule dada ana mume.

Mimi ningesema sacco kwanza, polisi baadaye. Polisi ni safari ndefu.

Wakili_wa_Ghorofani

Karani, hapo tunaachana. Kwa maneno, sawa, sacco ina kasi. Kwa kuguswa, OB kwanza, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Ukianza na sacco unaitwa kwenye kikao cha kupatanisha, unaletewa soda, konda anaomba radhi mbele ya wazee wanne, na kesho yake gari limebadilishiwa konda na mashahidi wamesambaa. Ukija polisi baada ya hapo, mtetezi ataleta muhtasari wa kikao na kusema mambo yalikwisha. Nambari ya OB iwe juu kabisa kwenye barua ya sacco. Barua yenye OB haiitishi soda.

Karani_wa_Steji

Nakubali kwa kuguswa. Soda ni kweli.

Mama_Dawati

Naongezea kituoni na garini, maana ndiyo maswali mawili yaliyobaki.

Kituoni. Akifika aseme, "Nataka kuripoti kosa la kingono, naomba dawati la jinsia." Kama dawati halina mtu usiku huo, ripoti iandikwe kwenye OB kaunta vilevile na apewe nambari, yenye tarehe, taarifa kamili anaweza kuiandikisha asubuhi. Atakapoambiwa "nenda ukalete P3 kwanza", ajue hivi: P3 ni ya majeraha, na fomu yenyewe hutolewa kituoni bila malipo. Kupapaswa kusikoacha alama hakusubiri P3. Taarifa yake na ya shahidi ndizo zinazoanzisha kesi. Akiwa ameumizwa au amebakwa, hapo ni hospitali kabla ya yote: dawa za kukinga virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na hospitali hujaza fomu ya PRC, ya uchunguzi baada ya ubakaji, nakala moja ikiwa yake. Nguo zilizochanwa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuharibu.

Kama anayeandika amekataa kuandika, aombe kumwona mkuu wa kituo. Akikataliwa tena, IPOA hupokea malalamiko dhidi ya polisi kwa 1559. Laini ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, saa 24. Hiyo ndiyo nambari ya kuweka kwenye karatasi yako badala ya simu ya ofisi iliyofungwa.

Sasa taarifa yenyewe. Askari huandika kwa ufupi, na ufupi huo ndio unaomeza kesi. Linganisha:

"Mlalamishi alisema alitukanwa na kushikwa na makanga garini."

"Saa nne na dakika ishirini usiku nilikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni. Konda alipita akaweka kiganja cha mkono wa kulia kwenye ziwa langu la kushoto, juu ya nguo. Nikasema kwa sauti, 'Toa mkono.' Akacheka akasema, 'Unajifanya nani, si umevaa hivyo ili ushikwe?' Akarudia. Dereva aligeuka akatazama. Mama aliyekaa dirishani aliniambia nihame."

Ya pili ina saa, mahali, kiungo, kurudia, maneno kamili na watu wawili wa kutafutwa. Kama alitukanwa kwa Sheng au lugha ya mama, yaandikwe vivyo hivyo, tafsiri baadaye. Asomewe kabla ya kutia sahihi. Kikiwepo kilichoachwa, aseme hapo hapo. Ni haki yake.

Ataulizwa alivaa nini. Swali hilo linakuja, msimdanganye kwamba haliji. Jibu langu kwao huwa: "Nguo nilizokuwa nazo si sehemu ya kosa, ila kama unazihitaji kama ushahidi nitazileta." Akishasema hivyo, wengi huendelea na ukurasa.

Video. Aliyeirekodi aihifadhi kwenye simu ile ile iliyorekodi. Ikipitishwa WhatsApp inabanwa na hupoteza taarifa za saa na kifaa. Mahakamani ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachosema nani alirekodi, kwa kifaa gani, kikiwa kinafanya kazi sawasawa, na video ilitolewaje humo. Kwa hiyo jina na simu ya aliyerekodi vina thamani kuliko video yenyewe iliyozagaa bila mwenyewe. Kamera za maduka hujifuta zenyewe kila baada ya muda, siku kadhaa au wiki chache. Kesho yake asubuhi mwombeni mwenye duka, kwa maandishi, asiifute rekodi, kisha polisi waje kuichukua.

Na isitumwe mitandaoni. Mchana mmoja tu na watu watakuwa wanajadili urefu wa sketi. Tena kama mwili unaonekana, anayesambaza anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi 200,000 au miaka 2.

Garini, kwa wanaoona. Zungumza na yeye, usianze na yule bwana. "Dada, unashukia wapi? Njoo ukae hapa." Ukimkabili konda kwanza, unampa jukwaa, na makonda wa magari ya nyuma hushuka kumtetea mwenzao. Mtu mmoja akiongea na dada, wa pili amwambie dereva asimame penye mwanga, kituo cha mafuta ni bora kuliko kando ya barabara. Wa tatu aandike nambari na saa. Msimshushe peke yake gizani mkidhani mmemwokoa. Na mtu ampe dada jina lake na nambari ya simu, maana shahidi asiye na simu si shahidi.

Stejini, umati ukianza kuitana juu ya mavazi ya mtu, una muda mfupi sana. Mzungukeni migongo ikiwa kwake na nyuso zikitazama nje, tembeeni naye hadi ndani ya duka au ofisi. Neno la leso: akishavuliwa, mfunike haraka. Lakini usimrushie leso mwanamke ambaye bado hajaguswa ili "ajisitiri". Umati unasoma hivyo kama hukumu. Umewaambia wako sahihi.

Mzee_wa_Mtaa

Nimewasoma wote na mna elimu. Lakini mavazi mtayaacha hivi hivi? Sisi tuna dini na tuna mila. Kumwambia binti ajisitiri ni kumpenda. Mstari mmoja wa mavazi kwenye karatasi unamuumiza nani?

Mama_Dawati

Shikamoo mzee wangu. Nyumbani mwambie binti yako unachotaka, hilo ni lako na yeye. Kwenye karatasi hii lina matatizo. Wafanyakazi hawa wanatoka na koti la kazi na suruali. Mstari wa sketi hauwagusi kabisa, na bado wanashikwa. Wanaovaa buibui wanashikwa. Wenye sare za shule wanashikwa. Kama kinga haizuii, si kinga. Halafu mila hiyo hiyo inamwambia kijana ainamishe macho na asimguse asiye wake. Mbona upande huo hauna mstari? Kijana anashinda kifua wazi stejini akibeba mizigo na hakuna anayesema anajitafutia.

Wakili_wa_Ghorofani

Mzee ameuliza unamuumiza nani, na swali hilo lina jibu la kisheria. Unamuumiza mlalamishi.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinazuia mtetezi kuleta historia ya mlalamishi ya kimapenzi bila idhini ya mahakama. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mlalamishi peke yake katika kosa la kingono, akiridhika kwamba anasema kweli na akiandika sababu zake. Yaani sheria imejitahidi kufunga mlango wa "ni mwanamke wa namna gani huyu". Sasa mwajiri anakuja kuufungua kwa karatasi yenye nembo ya kampuni. Mtetezi ataishika juu: "Uliambiwa usijibizane. Ulijibu? Uliambiwa usikae nyuma. Ulikaa wapi?" Kesi ya mkono wa konda inakuwa kesi ya utii wa mfanyakazi.

"Asijibu" ndio mstari mbaya kuliko wote. Akinyamaza, utetezi utasema hakukataa. Akisema "toa mkono" kwa sauti ya kusikika kiti cha tatu, ameshatengeneza mashahidi. Garini penye abiria, aseme. Akiwa peke yake gizani asibishane, atembee kuelekea penye mwanga na watu, kisha apige simu. Hiyo ndiyo tofauti ya kuiandika, basi.

Afisa, kipimo rahisi cha kila mstari: ungeuandika kwa mfanyakazi wa kiume aliyeporwa simu? Kutuma nambari ya gari, ndiyo. Kutocheka na makanga, hapana. Futa.

Afisa_Maslahi

Asanteni sana. Saba zile nimezifuta. Kutuma nambari ya gari kumebaki kwa zamu nzima, wanaume na wanawake. Wakubwa sasa wanapendekeza njia nyingine: wanawake watoke saa kumi na mbili jioni, wanaume wamalize zamu. Pia wameuliza kama kampuni inaweza kuripoti kwa niaba ya mfanyakazi ili asisumbuke.

Mama_Dawati

Kutoka saa kumi na mbili kunakata saa nne za kazi. Anayelipa hizo ni nani? Kama ni mwanamke, basi konda ameshika na mshahara umekatwa wa aliyeshikwa. Badilisheni pa kupandia badala ya saa: ombeni sacco moja au mbili zilete magari langoni saa nne na robo, orodha ya nambari za magari na madereva iachwe kwa mlinzi. Mkiweza kukodi gari, mkataba useme konda akilalamikiwa anaondolewa njia hiyo siku ileile, na kwamba nambari yake na jina lake mnazo.

Wakili_wa_Ghorofani

Kuripoti kwa niaba yake: kampuni inaweza kutoa habari, na mtu wa kampuni anaweza kumsindikiza, lakini taarifa ya tukio lazima iwe yake. Hakuna anayeweza kueleza mkono uliwekwa wapi kwa niaba ya mwingine.

Na kama mmeajiri watu 20 au zaidi, kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinawalazimu kuwa na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Hakimgusi konda wa nje, ila kinamgusa msimamizi wa zamu, na mkiwa mnaandika karatasi ya konda huku sera ya msimamizi haipo, mtaulizwa.

Ambacho kampuni inaweza kufanya na hakuna anayefanya ni siku za korti. Kesi huahirishwa. Mlalamishi anapoteza ujira wa siku, anarudi, inaahirishwa tena, safari ya tatu haji na kesi inaondolewa. Wekeni mstari kwamba mwenye wito wa mahakama analipwa siku hiyo kama yuko kazini, na kwamba unamhusu pia mfanyakazi mwenzake aliyeitwa kama shahidi. Wito wenyewe una tarehe na nambari ya kesi. Karani wa mishahara ahitaji nakala yake tu, asiulize kesi inahusu nini.

Karani_wa_Steji

Gari la langoni likikubaliwa, msimamizi wa steji apewe nakala ya orodha pia. Magari hubadilishana safari usiku bila kumwambia mtu.